Kurekebisha Mipangilio ya Linux Baada ya Kuhamia Diski Mpya

Kunakili mafaili kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya ni kazi ya subira tu: unatoa amri, unahakikisha betri imejaa ili umeme ukikatika nakala isiharibike, kisha unasubiri. Kazi yenyewe huanza pale nakala inapokamilika, kwa sababu mfumo ulionakiliwa bado unaitambua diski ya zamani, na utambulisho huo umeandikwa mahali pengi kuliko inavyodhaniwa: katika orodha ya sehemu za kupachika (yaani kuunganishwa na mfumo ili zitumike), katika programu inayowasha mfumo, katika mfumo mdogo ambao kerneli (kiini cha Linux) huanza nao, na hata katika kumbukumbu ya ubao mama. Ukisahau mahali pamoja, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Inaweza pia kuwaka vizuri kabisa kwa kutumia diski ya zamani huku wewe ukiamini kwamba inatumia mpya, na kosa la namna hii ndilo gumu zaidi kuligundua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Debian 12 na Ubuntu 22.04 au 24.04, kwenye kompyuta yenye UEFI (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta, mrithi wa BIOS) na mfumo wa faili wa ext4. Mfano unaotumika ni kompyuta ya mkononi iliyotumika, ya aina inayouzwa kwa wingi Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi, ambayo ilikuwa na diski ya sumaku ya GB 500 na sasa imeongezewa SSD ya NVMe. Diski ya zamani inaitwa /dev/sda. Mpya ni /dev/nvme0n1, ambayo sehemu yake ya kwanza ni ya EFI, ya pili ndiyo yenye mfumo, na ya tatu ni swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM. Wanaotumia Fedora watakuta mantiki ni ileile, ila amri za hatua ya 4 na ya 5 ni tofauti.

Kabla ya yote: nakala yako ni ya aina gani?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua ukubwa wa kazi iliyobaki. Ikiwa ulitumia dd au Clonezilla kunakili diski nzima kama ilivyo, basi vitambulisho vyote vya diski ya zamani vimenakiliwa pia, na hakuna haja ya kugusa mipangilio ya mfumo. Tatizo lako ni jingine: sasa una diski mbili zenye vitambulisho vilevile, na zikiwa zimechomekwa pamoja kompyuta haina njia ya kujua ni ipi unayoikusudia. Kwenye ext4 itapachika mojawapo, na huwezi kuwa na hakika ni ipi. XFS, mfumo mwingine wa faili, hukataa kupachika ya pili. Btrfs ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani inaweza kuzichanganya diski hizo mbili na kuharibu data, kwa hiyo diski zenye Btrfs zilizonakiliwa kwa njia hii zisiachwe zimechomekwa pamoja hata kwa dakika chache.

Kama unataka kuendelea kutumia diski ya zamani kwenye kompyuta hiyohiyo, badilisha vitambulisho vyake yenyewe, wala usiguse vya diski mpya. Wengi hufanya kinyume na kujitafutia kazi ya mwongozo huu wote bila sababu. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, hakikisha hakuna sehemu ya /dev/sda iliyopachikwa wala swapu yake kutumika, kisha:

```
sudo e2fsck -f /dev/sda2
sudo tune2fs -U random /dev/sda2
sudo fatlabel -i -r /dev/sda1
sudo swaplabel -U $(uuidgen) /dev/sda3
sudo sgdisk -G /dev/sda
```

Amri ya mwisho inabadilisha vitambulisho vilivyomo katika jedwali la mgawanyo wa diski, ambavyo ni tofauti na vile vya mifumo ya faili. Aidha, ikiwa diski mpya ni kubwa kuliko ya zamani, nakala ya akiba ya jedwali hilo (la aina ya GPT), ambayo hupaswa kukaa mwishoni kabisa mwa diski, sasa imebaki katikati. Isogeze kwa `sudo sgdisk -e /dev/nvme0n1`, ndipo upanue sehemu ya mfumo kwa growpart na kumalizia na resize2fs. Kumbuka kwamba sehemu haiwezi kupanuka ikiwa swapu imekaa mara tu baada yake. Itakubidi uifute swapu hiyo kwanza na kuiunda upya mwishoni, na hapo kitambulisho chake kitakuwa kipya, hivyo hatua ya 3 na ya 4 zitakuhusu.

Lakini ikiwa uligawanya diski mpya mwenyewe na kunakili mafaili kwa rsync, kama inavyofaa unapohamia diski yenye ukubwa tofauti, basi vitambulisho ni vipya vyote na hatua zote zinazofuata ni zako.

Hatua ya 1: Orodhesha vitambulisho

```
lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,PARTUUID,MOUNTPOINT
```

Hifadhi matokeo haya mahali utakapoweza kuyasoma hata kompyuta ikigoma kuwaka. Picha iliyopigwa kwa simu inatosha. UUID, yaani kitambulisho cha pekee, hukaa ndani ya mfumo wa faili na hubadilika kila unapouunda upya. PARTUUID hukaa katika jedwali la diski na hubadilika unapoigawanya upya. Kwenye sehemu ya EFI, ambayo hutumia FAT, UUID ni fupi, yenye tarakimu na herufi nane tu na kistari katikati, mfano 7C1E-93B4; usidhani imekatika.

Majina kama /dev/sda yasiaminiwe. Kerneli huyagawa kwa kadiri inavyozikuta diski wakati wa kuwaka, na diski mbili za SATA zinaweza kubadilishana majina bila wewe kugusa chochote. Ndiyo maana mipangilio yote iliyo hapa chini hutumia UUID.

Hatua ya 2: Ingia katika mfumo mpya ukitokea kwenye flashi

Baada ya kuwasha kompyuta kwa flashi, angalia kwanza kama imewaka kwa njia ya UEFI, kwa kutoa amri `ls /sys/firmware/efi`. Ikiwa folda hiyo haipo, flashi imewaka kwa njia ya kizamani ya BIOS, na hatua ya 5 itashindikana kwa ujumbe usemao "EFI variables are not supported on this system". Zima, fungua menyu ya kuchagua chombo cha kuwashia, na uchague jina la flashi lenye neno UEFI mbele yake.

```
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mkdir -p /mnt/dev /mnt/proc /mnt/sys /mnt/run /mnt/tmp /mnt/boot/efi
sudo chmod 1777 /mnt/tmp
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Mstari wa mkdir na ule wa chmod upo kwa ajili ya waliofuata ushauri wa kawaida wa kuruka folda za dev, proc, sys, run na tmp wakati wa kunakili kwa rsync. Folda hizo zisipokuwepo, walau zikiwa tupu, mfumo unaweza kugoma kuwaka. Na /tmp isipokuwa na ruhusa za 1777, mfumo utawaka lakini programu nyingi zinaweza kuanguka kwa namna zisizoeleweka. Kuanzia hapa, amri zote unazotoa zinafanyika ndani ya mfumo mpya, ukiwa msimamizi.

Hatua ya 3: Sahihisha /etc/fstab

Hili ndilo faili linaloiambia Linux ipachike nini na wapi. Lifungue kwa nano na ubadilishe kila UUID ya zamani kwa mpya:

```
UUID=0b6e3f52-8d41-4c7a-9f0e-2a5d71c8e394  /          ext4  errors=remount-ro  0 1
UUID=7C1E-93B4                             /boot/efi  vfat  umask=0077         0 1
UUID=5d2c9a17-63fb-4e08-b1d4-f07a8e6c2b95  none       swap  sw                 0 0
```

Ikiwa ulibadilisha aina ya mfumo wa faili ulipokuwa ukihama, mathalani kutoka ext4 kwenda XFS, badilisha pia safu ya tatu na ya nne, kwa sababu errors=remount-ro ni chaguo la ext4 na XFS haitalikubali. Ikiwa swapu yako ni faili, yaani /swapfile au /swap.img, mstari wake haubadiliki, lakini kuna mtego: rsync iliyotumiwa na chaguo la -S huliacha faili hilo likiwa na matundu ndani yake, na swapon hulikataa. Ni heri kulifuta na kuliunda upya kuliko kuhangaika kulitengeneza.

Mstari unaohitaji kufikiriwa zaidi ni ule wa diski ya ziada, yaani sehemu ya data iliyokuwa kwenye diski ya zamani au diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Mfumo ukikuta katika fstab diski ambayo haipo, utaisubiri kwa sekunde 90, kisha utasimama katika hali ya dharura na kudai nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu. Kwenye Debian iliyosakinishwa bila nenosiri hilo, utaambiwa kwamba akaunti ya root imefungwa, na hapo utalazimika kurudi kwenye flashi. Ongeza nofail katika mistari ya namna hiyo, na ukipenda x-systemd.device-timeout=10s, ili kukosekana kwa diski isiyo ya lazima kusizuie kompyuta nzima. Usiweke nofail kwenye mstari wa / wenyewe.

Hifadhi faili, kisha likague kwa `findmnt --verify --verbose`. Amri hii hugundua UUID isiyopatikana, aina ya mfumo wa faili isiyolingana na iliyoandikwa, na folda ya kupachikia isiyokuwepo.

Hatua ya 4: initramfs

Kabla ya mfumo wako kupachikwa, kerneli huanza na mfumo mdogo uliofungwa ndani ya faili la initrd.img lililo katika /boot. Ndani yake zimo nakala za baadhi ya mipangilio, na ndiyo sababu kubadilisha faili lililoko /etc peke yake hakutoshi mpaka mfumo mdogo huu uundwe upya. Angalia kwanza mafaili matatu.

La kwanza ni /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, ambalo hutaja swapu inayotumika kompyuta inapolazwa na kuzimwa ikiwa na kazi zake. UUID ya zamani ikibaki humo, kompyuta itawaka, lakini kila mara itapoteza kama nusu dakika ikiitafuta diski ambayo haipo. Ukisikia mtu analalamika kwamba SSD yake mpya inawaka polepole kuliko ya zamani, shuku hapa kwanza. Andika RESUME=UUID= ikifuatiwa na kitambulisho kipya cha swapu, au RESUME=none ikiwa huitumii huduma hiyo.

La pili ni /etc/crypttab, kwa wenye diski iliyofungwa kwa LUKS, yaani usimbaji fiche wa diski. UUID inayotakiwa hapo ni ya sehemu iliyofungwa yenyewe, ambayo blkid huionyesha kwa aina crypto_LUKS. Ile ya mfumo wa faili uliomo ndani yake haina kazi katika faili hili.

La tatu ni /etc/initramfs-tools/initramfs.conf. Tafuta mstari wa MODULES. Ukiwa na thamani ya most, kama inavyokuwa kwa kawaida, endelea. Ukiwa na dep, mfumo mdogo una viendeshi vya vifaa vya zamani tu, na huenda cha NVMe hakimo. Badilisha uwe most. Kisha unda upya kwa kerneli zote:

```
update-initramfs -u -k all
```

Hatua ya 5: GRUB na kumbukumbu ya UEFI

```
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-grub
```

Amri ya kwanza huweka GRUB, yaani programu ya kuwashia mfumo, katika sehemu ya EFI ya diski mpya na kuiandikisha kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Ya pili hutunga upya menyu katika /boot/grub/grub.cfg. Kabla ya kuitoa hiyo ya pili, pitia /etc/default/grub uone kama kuna resume= au root= iliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa update-grub hunakili maneno hayo kama yalivyo bila kuuliza.

Kuna faili dogo ambalo hutokea likasahauliwa: /boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg, au EFI/debian kwa Debian. Lina mistari michache tu, na mmoja wao huanza na search.fs_uuid ukifuatiwa na UUID ya sehemu yenye folda ya /boot. Likibaki na UUID ya zamani, GRUB itaenda kusoma menyu kwenye diski ya zamani, na ikiikosa itakuachia mstari mtupu wa `grub>`. Lifungue ulithibitishe kwa macho.

Sasa tazama kilichoandikwa kwenye ubao mama:

```
efibootmgr -v
```

Kila mstari una namba ya aina ya Boot0003 na, ndani ya mabano, PARTUUID ya sehemu ya EFI unayoielekea. Linganisha na orodha ya hatua ya 1. Mstari unaoelekea diski ya zamani ufute kwa `efibootmgr -b 0003 -B`, ukiweka namba halisi iliyo mbele yako, na upange mwingine uwe wa kwanza kwa chaguo la -o. Zipo bao mama zisizoheshimu orodha hii na ambazo hutafuta tu faili la \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI; kwa hizo, rudia grub-install ukiongeza --force-extra-removable, chaguo linalopatikana kwenye Debian na Ubuntu.

Kwa kompyuta za zamani zaidi zinazotumia BIOS, habari ni fupi ila ina mtego mmoja. Toa `grub-install` ukitaja diski nzima bila namba ya sehemu, na ikiwa diski ina jedwali la GPT, hakikisha ina kijisehemu cha MB 1 chenye alama ya bios_grub. Kisha toa `dpkg-reconfigure grub-pc` na uchague diski mpya. Bila hivyo, kifurushi cha grub-pc kitaendelea kukumbuka diski ya zamani, na siku kitakaposasishwa, pengine miezi kadhaa baadaye, ndipo kompyuta itakapogoma kuwaka na hakuna atakayekumbuka kuhusisha tatizo hilo na uhamisho huu.

Hatua ya 6: Washa kompyuta huku diski ya zamani ikiwa imechomolewa

Toka kwa `exit`, zima kompyuta kabisa, na uchomoe diski ya zamani kwa mkono. Hatua hii isirukwe, hata kama kufungua kompyuta kunahitaji bisibisi na uvumilivu, kwa kuwa jaribio linalofanywa diski zote mbili zikiwa ndani halithibitishi chochote. Kama ni fundi wa dukani aliyekufanyia uhamisho, mwombe aiwashe kompyuta mbele yako huku diski ya zamani ikiwa mezani.

Ikiwaka, thibitisha:

```
findmnt /
cat /proc/cmdline
swapon --show
systemctl --failed
journalctl -b -p err
```

Isipowaka, ujumbe wa kwenye skrini unakuambia pa kurudi. Ubao mama ukisema hakuna chombo cha kuwashia, rudi kwenye efibootmgr. Ukiona `grub>` au `grub rescue>`, tatizo ni la hatua ya 5. Ukiona `(initramfs)` ikitanguliwa na mstari wa ALERT unaotaja UUID fulani, soma UUID hiyo kwa makini: ikiwa ni ya zamani, basi menyu ya GRUB haikutungwa upya; ikiwa ni mpya na sahihi, basi kiendeshi cha diski hakimo katika initramfs. Na ukifika kwenye hali ya dharura baada ya kusubiri sana, kosa liko kwenye fstab.

Hatua ya 7: Saka mabaki

Mfumo unaowaka bado unaweza kuwa na majina ya zamani yaliyojificha. Yatafute kwa UUID ya zamani na kwa jina la diski:

```
sudo grep -rIl 'UUID-ya-zamani' /etc /boot
sudo grep -rIn '/dev/sda' /etc /usr/local /root
```

Mara nyingi utakachokikuta ni /etc/smartd.conf, /etc/hdparm.conf, au skripti ya kutunza nakala iliyoandikwa miaka iliyopita. Skripti za namna hiyo zipewe uzito wa pekee, hasa zinazoandika moja kwa moja kwenye /dev/sdb, kwa sababu jina hilo sasa linaweza kuwa la flashi au diski ya mtu mwingine.

Jambo linalowashangaza wengi ni mtandao wa waya kukatika baada ya kuongeza NVMe. Jina la kadi ya mtandao, kama enp2s0, hutokana na nafasi yake kwenye basi ya PCI. Kifaa kipya cha PCI kinaweza kuisogeza namba hiyo, na kadi ikaamka ikiitwa enp3s0 huku /etc/netplan au /etc/network/interfaces ikiendelea kutaja jina la awali. Toa `ip link` na usahihishe. Kwenye seva isiyo na skrini, fikiria jambo hili kabla ya kuizima.

Kuhusu mipangilio ya SSD yenyewe, yaliyo ya lazima ni machache. Hakikisha `systemctl status fstrim.timer` inaonyesha kwamba kipima muda kinafanya kazi. Huiarifu diski kila wiki nafasi zilizoachwa wazi, hivyo hakuna sababu ya kuongeza discard katika fstab. Wenye LUKS wanahitaji discard katika /etc/crypttab ili taarifa hizo zipenye, wakikubali kwamba mtu mwenye diski mkononi ataweza kujua nafasi zipi ziko tupu.

Diski ya zamani

Ikae kabatini mpaka mfumo mpya upitie angalau sasisho moja la kerneli, kwani ndipo initramfs na menyu ya GRUB zinapoundwa upya bila wewe kusimamia. Ikiwa itawashwa katika kompyuta nyingine na mfumo wake ukiwa ndani, badilisha kwanza utambulisho wa mfumo huo; kompyuta mbili zenye /etc/machine-id moja zinaweza kupewa anwani ileile ya IP na ruta, na mbili zenye funguo zilezile za SSH haziwezi kutofautishwa na anayeziingia kwa mbali:

```
sudo rm /etc/machine-id /etc/ssh/ssh_host_*
sudo systemd-machine-id-setup
sudo dpkg-reconfigure openssh-server
```

Kwenye Debian na Ubuntu, angalia pia kama /var/lib/dbus/machine-id ni kiungo tu cha faili hilo; ikiwa ni faili kamili lenye namba ya zamani, lifute kabla ya amri ya pili, la sivyo namba ileile itarudishwa. Ikiwa diski itauzwa au kupewa mtu, `wipefs -a` haitoshi, kwa sababu hufuta alama za utambulisho tu na kuacha data mahali pake; diski ya sumaku iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho kwa `dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=4M status=progress`, baada ya kutazama lsblk kwa mara nyingine na kujiridhisha kwamba sda ya leo ndiyo ile unayoikusudia.